Mara Ngapi Shaba Amecheua

Kila Alhamisi Wekulo alinyoa ndevu. Siku nyingine za wiki ziliweza kupita kidevu chake kikiwa kama shamba lililoachwa, maana hapakuwa na wa kukitazama isipokuwa ng'ombe wake, Shaba, na Shaba hakuwa na habari na mambo ya wembe. Lakini Alhamisi alichemsha maji katika sufuria ndogo, akaegemeza kioo kilichopasuka pembe kwenye dirisha, akajinyoa polepole mpaka shingoni. Kisha alifagia kibanda cha ng'ombe, akapangusa debe tupu la rangi lililofunikwa kwa gunia safi, na kuliweka kando ya hori, karibu na kichwa cha Shaba. Hicho kilikuwa kiti cha daktari. Wekulo mwenyewe hakukikalia hata siku moja. Yeye alikuwa na ngazi yake ya mawe pale mlangoni mwa kibanda.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa mwaka ule wa 1997, akikaa chumba kimoja mtaani Kaloleni, Nairobi. Kwa miaka ishirini na mitatu alifuma mablanketi katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, hadi wakubwa walipopunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Mwaka uliofuata mkewe Roseline aliugua akafa, wakamzika nyumbani Kimilili. Binti yao wa pekee, Nerima, alikuwa ameolewa Kitale, na barua zake zilifika Krismasi kwa Krismasi. Hata hivyo majirani waliendelea kumwita Baba Nerima, na kila alipoitwa hivyo aligeuka upesi, kana kwamba Nerima mwenyewe amesimama hapo nyuma.

Wekulo alimnunua Shaba ili awe na kitu cha kuamkia. Alikuwa ng'ombe mwekundu wa rangi ya sufuria kuukuu, mpole, mwenye pembe moja iliyoinama kama anayesikiliza. Wekulo alimkatia nyasi kandokando ya reli, akamwokotea majani ya kabichi na maganda ya ndizi sokoni, akamkamua asubuhi na jioni. Wateja wa maziwa walikuja na chupa zao, wakajaziwa, wakaenda. Jioni garimoshi lilipita nyuma ya mtaa likielekea Mombasa. Hata hilo lilikwenda upande usio wa kwao.

Ndipo mwezi wa Juni akaja Nthoki.

Alikuwa msichana mrefu wa Kikamba, mwanafunzi wa shahada ya pili katika mambo ya mifugo, aliyebeba mkoba mzito kuliko yeye. Alikuwa akizunguka mitaa ya Eastlands kutafuta watu wanaofuga ng'ombe mjini. Alimweleza Wekulo kwamba ndani ya tumbo la ng'ombe kuna vijidudu wanaochachusha nyasi, na katika kuchachusha huko hutoka gesi iitwayo methani. Watu hudhani gesi hiyo hutokea nyuma, alisema, lakini nyingi hutokea mdomoni. Hupanda hewani, ikaungana na moshi wa dunia nzima, ikaifunika ardhi kama blanketi na kuizuia isipoe. Tena ni hasara kwa mfugaji mwenyewe, kwa sababu nguvu iliyomo katika chakula inapotea bure badala ya kuwa maziwa.

Wekulo alisikiliza yote hayo kwa makini. Habari za blanketi alizijua.

"Miaka yote ile nikifuma kiwandani," alisema, "kumbe ng'ombe nao wanafuma lao."

Nthoki alicheka kwa sauti, na Wekulo akashtuka kidogo. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alipomchekesha mtu.

Dawa ya Nthoki haikuwa sindano wala vidonge. Ilikuwa unga wa mimea: majani ya mti wa kaliandra yaliyokaushwa kivulini, maganda ya vitunguu saumu, na mbegu kidogo za shamari, vyote vikisagwa pamoja. Vijiko vinne asubuhi, vinne jioni, juu ya chakula. Uchungu uliomo katika majani yale, alisema, huwatuliza wale vijidudu watengenezao gesi, na harufu ya vitunguu huwafukuza wengine. Kule chuoni walipima kwa mitambo. Mitaani hakukuwa na mitambo, kwa hiyo mfugaji angehesabu mwenyewe kwa macho na masikio. Alitoa fomu iliyopigwa chapa kwa Kiswahili. Juu kabisa palikuwa na maneno haya: *Ng'ombe akiwa amekwisha kula na kutulia, hesabu amecheua mara ngapi katika nusu saa, asubuhi na jioni.*

Nthoki alianza kufafanua, akaelekeza kidole shingoni mwa Shaba. Wekulo akamkatiza kwa upole. Alikuwa amefika darasa la saba wakati darasa la saba lilipokuwa darasa la saba kweli, na hakutaka binti mdogo amwone kama mtu wa kusomewa.

"Neno hilo nimezaliwa nalo, daktari," alisema. "Kwetu mtoto hajui kuhesabu vidole, tayari anajua ng'ombe akicheua."

Nthoki, ambaye hakuwa daktari bado, aliona haya kwa kuitwa hivyo, akaifunga kalamu yake. Mambo yakaishia hapo.

Basi Wekulo akawa mtu mwenye kazi tena. Asubuhi na jioni alikaa kwenye ngazi yake ya mawe, daftari gotini, saa ya mkononi aliyopewa kiwandani ikiwa imelazwa juu ya jiwe. Alilitazama taya la Shaba. Tonge lilipanda shingoni kama panya anayepita chini ya blanketi. Shaba akalipokea, akalitafuna taratibu akiwa amefumba macho nusu, akalimeza. Akakaa kimya kidogo. Tonge jingine likapanda. Kila tonge mstari mmoja. Kila mistari minne aliifunga kwa mstari wa tano wa kulala. Siku za kwanza alipata ishirini na nne, ishirini na tano. Hakukosa hata jioni moja. Siku ya mazishi ya jirani wa mlango wa nne alikwenda matangani akiwa amechelewa, na alipoulizwa alisema alikuwa kazini.

Vijana waliopiga gumzo chini ya ukuta wa mtaa walimpa jina. Walipomwona amebeba nyasi walimsalimu, "Niaje, Mzee Gesi," naye akainua mkono. Bwire, aliyefanya kazi naye kiwandani na sasa alikuwa na buchari Soko la Burma, alimtania zaidi.

"Siku ukichoka kumhesabu," Bwire alimwambia, "mlete hapa nimhesabu mimi kwa kilo."

"Kwa mizani yako hiyo?" Wekulo alijibu. "Akiingia ng'ombe anatoka mbuzi."

Wateja wakacheka, na Bwire akamfungia mfupa wa supu bila kumwambia bei. Lakini nyumbani mfupa ule ulichemka peke yake, na supu ya mtu mmoja huisha haraka.

Alhamisi ndizo zilizokuwa na sauti. Nthoki alifika saa nne asubuhi, akakaa juu ya lile debe, akampapasa Shaba kipaji na kunakili hesabu za wiki. Alikaa saa nzima, wakati mwingine zaidi. Aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza Wekulo: kiwandani rangi nyekundu ya blanketi ilipatikanaje, Roseline alikuwa mtu wa namna gani, kwa nini hakurudi Kimilili. Kwa hilo la mwisho Wekulo alijibu kwamba kule kuna kaburi na ndugu wanaogombea mpaka wa shamba, na hapa kuna Shaba. Nthoki hakusema pole. Aliandika tu kitu pembeni mwa karatasi, na Wekulo akajiuliza siku nzima ni kitu gani.

Mwezi wa Septemba Nthoki alianza kuja na uso mzito. Siku moja alikaa na fomu mapajani bila kuandika. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja katika utafiti wake, alieleza, wengine Dandora, wengine ukingoni mwa mto kule Mathare. Kumi kati yao, tangu waanze kula unga, hesabu zao zilikuwa zikishuka wiki kwa wiki, kama alivyotumaini. Shaba peke yake alikuwa akipanda. Sasa alikuwa amefika thelathini na moja.

"Shaba ananiangusha, baba," alisema. "Mwalimu wangu anasema ng'ombe mmoja anatosha kubomoa kazi ya mwaka."

Wekulo aliona aibu, kana kwamba mtoto wake amefeli mtihani. Aliuliza kama anyimwe majani ya kabichi, au apunguziwe maganda. Nthoki akasema la, asibadilishe chochote. Ila yeye mwenyewe lazima amchunguze Shaba kwa karibu zaidi. Kuanzia wiki ijayo angekuja mara mbili, Jumatatu na Alhamisi, na huenda ikawa hivyo mpaka Krismasi.

Jioni ile Wekulo alipiga mluzi akikamua. Shaba aligeuza kichwa kumtazama, maana sauti hiyo hakuwa ameizoea.

Jumamosi ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Muhiba alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama wa watu wa Lamu aliyekuja Nairobi na marehemu mumewe zamani, akauza mahamri mtaani hadi kila mtoto akamjua. Asubuhi ile alikuja kuchukua maziwa akiwa amembeba mjukuu wake Khawla, mtoto wa miezi mitatu aliyekuwa ametoka kunyonya. Alikuta Wekulo yuko katikati ya kuhesabu, basi akangoja amesimama, akimweka mtoto begani na kumpigapiga mgongo.

"Subiri Baba Nerima amalize," alimwambia mtoto kwa ile sauti ya kuimbaimba. "Na wewe malizia yako. Cheua, mwanangu. Cheua ulale."

Khawla akatoa hewa, sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Haya, kashacheua," Muhiba alisema.

Penseli ya Wekulo ilisimama. Aliuliza, polepole, kile alichofanya mtoto wanakiitaje.

"Kucheua. Kutoa hewa tumboni." Muhiba alimtazama. "Kwani nyinyi kwenu mwasemaje?"

Wekulo alisema kwao kucheua ni ng'ombe kurudisha chakula mdomoni akakitafuna upya. Muhiba akasema hiyo nayo ni kucheua, neno ni moja, lina vyumba viwili. Akachukua maziwa yake akaenda. Hakujua ameacha nini pale nyuma.

Wekulo alibaki amekaa juu ya jiwe. Aliitazama fomu ambayo sasa ilikuwa imepinda pembe zote. Alikumbuka maneno ya Nthoki ya siku ya kwanza, kwamba gesi hutokea mdomoni. Alikumbuka kile kidole kilichoelekezwa shingoni mwa Shaba, na sauti yake mwenyewe ikisema, neno hilo nimezaliwa nalo. Miezi minne na madaftari mawili. Binti wa watu alitaka hewa, naye alimpa matonge. Si gesi ya Shaba iliyokuwa ikipanda. Alikuwa akicheua vizuri zaidi kwa sababu tumbo lake lilikuwa limetulia, na yeye alimfanya aonekane mharibifu.

Jumapili hakwenda kanisani. Aliyafungua madaftari mezani, akayafunga, akayafungua. Akili yake ilikuwa wazi, na hilo ndilo lililomtesa. Aliona njia mbili. Angeweza kunyamaza: Nthoki angeendelea kuja Jumatatu na Alhamisi, akimtafuta adui ambaye hayupo, mpaka Krismasi. Au angeanza kuhesabu hewa kimyakimya kuanzia jioni ile; hesabu zingeshuka, Nthoki angefurahi, na hakuna duniani ambaye angejua. Kwa kila njia kati ya hizo debe lingekaliwa. Njia ya tatu ilikuwa kusema, na akisema, ng'ombe ambaye hesabu zake hazina maana hana sababu ya kutembelewa.

Alikumbuka kiwandani. Kulikuwa na mfumaji mmoja ambaye akikosea uzi huficha kosa ndani ya pindo, na blanketi likafika dukani zuri tu. Wekulo hakuwahi kufanya hivyo. Alifumua. Mara moja alifumua blanketi zima wenzake wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani.

Jumatatu alinyoa ndevu, mara ya kwanza kunyoa siku hiyo tangu aachishwe kazi. Nthoki alifika saa nne kamili, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Alianza kufungua mkoba kabla hata ya kukaa.

"Kaa kwanza, daktari," Wekulo alisema.

Nthoki akakaa juu ya debe.

"Mimi nimekuharibia kazi."

"Unga umeisha, baba?"

"Unga upo. Ni lile neno lako la juu. Kucheua." Aliinua daftari. "Mimi nimehesabu matonge. Lile linalopanda kooni, analitafuna, analimeza, napiga mstari. Hewa sikuihesabu hata siku moja."

 Nthoki alimgeukia Shaba. Tonge lilikuwa likipanda shingoni wakati huohuo, nao wote wawili wakalitazama likipanda, likafika, taya likaanza kuzunguka. Msichana akaweka kiganja mdomoni. Wekulo alidhani analia, kumbe alikuwa akicheka, na kisha hakuwa akicheka tena.

"Fomu niliandika mimi," alisema. "Nilifungua kamusi. Maana zote mbili zilikuwa pale, moja chini ya nyingine. Wale wengine niliwaonyesha kwa mkono. Wewe ulisema umeelewa."

"Nilikukatiza."

"Ulinikatiza," Nthoki alikubali, bila uchungu.

 Wekulo aliuliza kile alichokuwa akikizunguka tangu Jumamosi: kama angeweza kuanza upya leo, akahesabu hewa; angeihesabu vizuri, asingekosa hata moja. Nthoki akatikisa kichwa taratibu. Alieleza kwamba hesabu za hewa zingehitajika tangu kabla Shaba hajaonja unga, ili zilinganishwe na za baadaye, na siku hizo zilikwisha kupita. Shaba ingebidi aondolewe. Wale kumi waliobaki walitosha. Tena walikuwa wazuri.

"Umeniokoa, baba," alisema. "Ijumaa nilianza kumwandikia mwalimu wangu barua kwamba unga haufai. Bado iko mkobani."

Aliitoa barua hiyo, akaichana mara mbili, vipande akavirudisha mkobani asichafue kibanda kilichofagiliwa. Wekulo alifurahi kuona barua ikichanwa. Furaha yenyewe ilikuwa ya kweli, ila haikuwa na mahali pa kukaa.

"Na Alhamisi?" aliuliza.

Nthoki alitazama chini. "Alhamisi sasa nitakuwa Dandora."

"Dandora," Wekulo alisema, kama mtu anayeonja neno. "Mvua ikianza kule kuna matope. Upite njia ya juu."

Alimpa madaftari yote mawili. Nthoki aliyapekua, akaona ile mistari yote iliyofungwa tanotano, iliyonyooka kama uzi kwenye mtambo, akayarudisha kwa mikono miwili. Alisema yanaonyesha tumbo la Shaba linafanya kazi vizuri kuliko zamani, na kwamba siku moja mtu mwingine angeuliza swali ambalo hayo ni jibu lake. Yeye hakuwa ameliuliza. Mkebe wa unga uliobaki aliuacha juu ya rafu. Alimpapasa Shaba kipaji, akampa Wekulo mkono, akasema atapita siku akiwa upande huu. Alilisema kwa moyo safi, na Wekulo alijua hivyo ndivyo alivyolisema.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mvua za ajabu. Zilianza Oktoba zikakataa kwisha. Barabara zikawa mito na nyasi za kando ya reli zikarefuka hadi kiunoni. Alhamisi ya kwanza Wekulo alinyoa, akafagia, akapangusa debe. Alhamisi ya pili alifagia tu. Bwire alimuuliza daktari wake yuko wapi, naye akajibu kazi imeisha, na Bwire, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaacha utani akamfungia mfupa. Muhiba alimletea mahamri katika sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, akakaa mlangoni kidogo kusubiri sahani yake, kisha Khawla akalia na akalazimika kwenda.

Jioni moja ya Novemba mvua ilipumzika. Shaba alikuwa amekula, na unga wake juu. Wekulo alikaa kwenye ngazi ya mawe na daftari jipya gotini, akaandika juu ya ukurasa: *Hewa*. Akatega sikio. Matonge aliyaona vizuri kama siku zote, yakipanda na kushuka, lakini hewa hakuisikia. Kutoka mlangoni haikusikika. Alisogea mbele, akachuchumaa, magoti yakakataa. Mahali pa kuihesabu palikuwa pamoja tu, kando ya hori, karibu na mdomo wa ng'ombe.

Alisimama pale muda mrefu. Kisha akalivuta debe, akalikalia.

Gunia lilikuwa na baridi. Kutoka hapo aliweza kuona ngazi yake ya mawe, na alishangaa jinsi ilivyo mbali na jinsi mtu aliyeikalia angeonekana mdogo. Shaba aligeuza ile pembe iliyoinama, akanyoosha shingo, na pumzi ya moto yenye harufu ya nyasi chachu na vitunguu ikampiga Wekulo usoni. Ilikuwa na sauti ndogo sana, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi.

Akapiga mstari mmoja. Nyuma ya mtaa garimoshi la Mombasa likapita, naye akangoja liishe ili asikose wa pili.